Chuma cha Kunyweshwa

Mama yangu, Weris, hajawahi kukubali kwamba nyumba ni mahali pa kukaa. Kwake nyumba ni kitu cha kukunja na kupakia juu ya ngamia majani yakiisha. Ya kwangu hapa Garissa ina kuta za mawe na paa la mabati, haikunjiki wala haipakiki, na hilo alilitaja kuwa kosa lake la kwanza siku ile ile aliyoingia. Kosa la pili ni joto. La tatu ni mimi, kwa kuwa ndiye niliyemleta.

Nilimleta bila kumwomba ruhusa, sikatai. Alianguka kando ya kisima karibu na Modogashe akiwavutia mbuzi maji, na lori la mifugo likamchukua mpaka hospitali huku. Daktari aliniita pembeni akaniambia moyo umechoka, presha iko juu, dawa anywe kila siku na awe anaonekana kliniki. "Akirudi porini dawa zikakatika, mimi nimeshakwambia," akasema. Tangu hapo nikawa na haja moja tu duniani, mama abaki. Na mama naye alikuwa na haja moja, arudi.

"Mvua za gu zikinyesha, naondoka," aliniambia. Gu ndiyo masika yetu. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya mnada wa mifugo.

Mimi na mama huzungumza Kisomali, na hapa nimempa Kiswahili kilichonyooka. Kiswahili chake mwenyewe alikiokota kwa wenye maduka na kwa askari wa vizuizi vya barabarani, nanyi mtakisikia akianza kuzozana na fundi. Wala msimcheke sana. Amewahi kumshinda kwa Kiswahili hicho hicho ofisa mzima wa mifugo, akamwacha anajifuta jasho.

Ni mwanamke aliyelea watoto nyuma ya mikia ya ngamia. Baba yetu alipofariki, hakuhamia kwa ndugu, alijifunga kiuno akaendelea kuhama na mifugo. Ukame uliwamaliza ngamia mmoja baada ya mwingine, akabaki na mbuzi, na hao mbuzi aliwashikilia kama roho. Hospitalini alikataa kulala kitandani mpaka aambiwe mbuzi wake wamelala wapi. Ikabidi mume wangu, Najib, ambaye ni dereva wa lori, awafuate Modogashe na kuwaleta. Wakafungwa uani kwangu, wakiongozwa na mmoja mweupe aitwaye Adey, mbuzi mwenye kiburi kama mke wa chifu. Adey alikula kamba ya nguo wiki ya kwanza, na kanga yangu wiki ya pili. Mama aliniuliza kwa nini naanika nguo mahali pa mbuzi.

Lakini nirudi kwenye joto. Anayejua Garissa hahitaji kuelezwa, na asiyeijua hataamini. Mabati yakishapata jua la mchana, chumba cha mama kilikuwa tanuri. Alitoka na mkeka wake akakaa chini ya kivuli cha ukuta, na kivuli kilivyohama naye alihama, mpaka jioni anakuwa ameizunguka nyumba nzima. "Kule kwetu," alisema, "kibanda cha mikeka kinapumua. Hii nyumba yako imeziba pua." Kila aliposema "kule kwetu" nilihesabu siku zilizobaki kabla ya gu. Nikaamua kununua kiyoyozi. Nilijiambia kwamba mama akilala mahali penye ubaridi ataacha kuota Modogashe.

Najib aliposikia akatikisa kichwa. "Stima yetu haitaweza."

Alisema kweli. Stima yetu iliingizwa zamani kwa ajili ya taa chache na redio. Baadaye tukaongeza friji, na pasi, na birika la umeme, na televisheni, na kila kimoja kilining'inizwa kwenye waya ule ule mwembamba. Kisha kulikuwa na waya wa Osob. Osob ni jirani yetu, na miaka ya nyuma, binti yake alipokuwa anaolewa, aliomba taa moja ya siku ya harusi. Waya ukapitishwa juu ya ukuta. Binti huyo sasa ana watoto wanaokwenda shule, na waya haujawahi kurudi. Ningeuondoaje? Kwetu jirani hanyimwi kaa la moto la kuwashia jiko, na Osob alishikilia kwamba stima nayo ni moto.

Basi nikamwita Galgallo. Ni fundi wa stima, kijana wa Kiborana kutoka upande wa Wajir, mwana wa wafugaji aliyesomea kazi yake chuoni. Ni mwembamba, ana subira, na ana tabia ya kuzungumza na nyaya anapofanya kazi. Kisomali chake ni cha kubahatisha, na Kiborana cha mama ni cha kutukania ngamia tu, kwa hiyo wao wawili walikutana katika Kiswahili.

Galgallo alifungua boksi la stima ukutani, akaangalia ndani, akalifunga tena taratibu. Akavuta pumzi. Akalifungua mara ya pili, nadhani alitumaini kuwa alichokiona kimeondoka.

"Mahali pa fyuzi pana msumari," akasema. "Nani aliweka msumari?"

"Mimi," Najib akajibu, kifua mbele. "Zile fyuzi zilikuwa zinakatika kila siku. Tangu niweke huo msumari, haijakatika hata mara moja."

"Fyuzi kazi yake ni kukatika, Najib. Ikikatika yenyewe, nyumba inapona. Huu msumari hautakatika hata nyumba ikiwaka moto. Mtaungua wote na msumari utabaki mzima."

Najib aliutazama msumari wake kwa namna mpya. Mimi nilimtazama Najib kwa namna ya zamani.

Ikawa kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Watu wa kampuni ya umeme walikuja wakavuta waya mnene kutoka kwenye nguzo na kubadilisha mita. Galgallo akang'oa nyaya zote za ndani, nyingine zimeunganishwa kwa karatasi za nailoni, moja imetafunwa na panya mpaka imebaki shaba tupu juu ya kitanda cha wageni. Aliweka boksi jipya lenye swichi zinazojikata zenyewe hatari ikitokea. Waya wa Osob aliukata. Osob alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akaniuliza kama nimeanza kunyima watu moto. Nilimwonyesha ule waya ulivyoungua na kuwa mweusi kwa upande wake. Akauangalia, akaondoka bila kuaga, na baadaye nikasikia ameomba mita yake mwenyewe.

Ikabaki kazi ya mwisho, nayo ndiyo iliyotutoa jasho. Galgallo alichimba shimo uani, karibu na ukuta, akagongomea humo chuma kirefu kinachoungana na waya wa kijani unaotoka kwenye boksi. Mama alikuwa amekaa mkekani na kikombe chake cha chai, anatazama. Galgallo akamwaga makaa kuzunguka kile chuma. Mama akanywa funda moja. Kisha Galgallo akafungua gunia la chumvi ya mawe, ile nzuri, nyeupe, ya mapande makubwa, akaanza kuimimina shimoni. Mama akaweka kikombe chini.

"Fundi! Nini hiyo?"

"Ni chumvi, Ayeyo." Ayeyo ni bibi, na mtaa mzima ulishazoea kumwita hivyo.

"Chumfi mimi najua. Nauliza, nazika kwa nini? Imekufa?"

Galgallo akacheka, akapiga magoti pembeni ya shimo amweleze vizuri. "Ayeyo, stima ikitoroka kwenye waya, inatafuta njia ya kwenda ardhini. Ikikosa njia inapita kwa mtu. Hiki chuma ndicho njia yake. Lakini mchanga wa hapa ni mkavu sana, stima haipiti. Chumvi na maji ndiyo yanaufanya upitishe."

"Na maji bia?"

"Na maji pia. Mtungi mmoja kila asubuhi, mpaka mvua inyeshe."

Akamimina mtungi mzima shimoni mbele ya macho yake. Mchanga uliyameza maji yote na kubaki unatoa mvuke kidogo. Mbuzi walikuwa wamenyoosha shingo.

Mama akanigeukia. "Hooyo, umeona?" Hooyo ni mama kwa Kisomali, na kwetu mzazi humrudishia mtoto jina hilo hilo kwa mapenzi, ingawa siku hiyo mapenzi yalikuwa kidogo. "Watu wa mji mnanywesha mchanga."

Ili uelewe uso aliokuwa nao, lazima ujue chumvi ni nini kwa mtu aliyelelewa na ngamia. Ngamia asiyepata chumvi anakonda, anapata upele, maziwa yake yanakuwa maji matupu. Mama alipokuwa kijana walihama safari ndefu na ya kiu kuwafikisha mifugo kwenye ardhi ya chumvi tu, walambe, wapate nguvu, warudi. Chumvi ya dukani ilipoanza kuja ilifichwa pamoja na sukari. Nilipokuwa mtoto nilimwaga kibuyu cha chumvi kwa mchezo, na bado nakumbuka nilivyopigwa. Sasa mtu huyo huyo anatazama gunia zima linazikwa na kumwagiwa maji, hatua chache kutoka kwa mbuzi.

Mimi mwenyewe nilipaswa kuwaza hilo. Sikuwaza. Nina duka la nguo sokoni, natoka alfajiri, kwa hiyo nilimwambia, "Hooyo, nisaidie jambo moja. Kila asubuhi mwagia mtungi mmoja pale kwenye chuma."

"Haya," akasema mama.

Mama yangu hajawahi kunijibu "haya" bila kubishana kwanza. Ningekuwa na akili ningeshtuka hapo hapo.

Siku zilizofuata nyumba ilijaa baraka. Mbuzi walinawiri. Adey, aliyekuwa anatoa maziwa ya kuwekea chai tu, akaanza kutoa ya kunywa na kubaki. Manyoya yaling'aa. Niliwasifia sokoni, nikasema hewa ya Garissa imewapenda. Nilimsifia mama pia, kwamba ametulia, anaimba akikamua, hataji Modogashe kila saa kama zamani. Nilisema moyoni, kumbe mji umeanza kumwingia.

Galgallo akaja na kipimo chake kuangalia kama chuma kinafanya kazi. Akaunganisha nyaya, akasoma, akakitikisa kipimo, akasoma tena.

"Ardhi imekataa," akasema.

"Imekataaje?"

"Haipitishi kitu. Ni kama hatujaweka chumvi hata punje." Akakuna kichwa. "Labda imezama chini. Nitaongeza."

"Utaleta ingine?" mama akauliza kutoka mkekani.

"Nitaleta, Ayeyo."

"Mungu akubariki, mwanangu," mama akasema, na hiyo dua ilitoka moyoni.

Akaongeza. Juma lililofuata akaja, akapima, ardhi imekataa tena. Sasa Galgallo alianza kuumia. Alikuwa na jina mtaani, na hakuna shimo lililowahi kumshinda. Alibadilisha betri za kipimo. Alikaza vifungo vya waya wa kijani. Alisema Bismillahi kwa sauti kabla ya kupima, kipimo hakikubadilika. Alinieleza mambo marefu kuhusu mchanga wa Garissa na mwamba ulio chini yake, nikaitikia kwa kichwa bila kuelewa.

"Fosia," akaniambia mwishowe, amechuchumaa, mikono kichwani, "tangu nianze kazi hii sijaona ardhi inayokula chumvi namna hii. Hata ngamia hali hivi."

Nyuma yake mama alikohoa. Adey alikuwa amelala kivulini, tumbo limejaa, anacheua.

Galgallo akaleta gunia la tatu, na akatoa amri kali. Kiyoyozi kilikuwa kimeshafungwa ukutani na vijana wa dukani tuliponunua, lakini kisiwashwe na mtu yeyote mpaka chuma kikubali. Nilimwapia. Mama akaapa. Najib hakuwapo kuapa, alikuwa amepeleka mzigo mji wa Diff.

Alirudi Ijumaa mchana, amechomwa na barabara, vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa jikoni. Akaingia chumbani kwa mama, akakiona kiyoyozi kipya kimekaa kimya ukutani, akasema kile wanachosema wanaume wote kabla ya msiba. "Nijaribu kidogo tu."

Nilisikia kinanguruma. Nilifurahi kwanza, Mungu anisamehe, kwa sababu ulikuwa mngurumo mzuri. Halafu nikakumbuka amri ya Galgallo, nikatupa mwiko.

Lile sanduku la nje la kiyoyozi lilikuwa limekalishwa juu ya fremu ya chuma, uani. Kikiwashwa hudondosha maji. Sisi hatukujua kwamba vijana wa dukani walipokaza parafujo walibana waya mmoja, na fremu yote imelowa stima. Aliyekuwa wa kwanza kujua ni Adey. Alisikia maji yanadondoka, akaenda kuyalamba.

Sijawahi kusikia mbuzi akipiga ukelele kama ule. Aliruka juu na miguu yote minne, akaangukia ubavu. Ndani ya boksi swichi ikajikata, tak, kiyoyozi kikanyamaza. Nami nikatokea mlangoni na kumwona mama. Alikuwa ametoka kutawadha, maji yanamtiririka mikononi na miguuni, peku, anamkimbilia mbuzi wake. Akapiga magoti kwenye tope lile la matone, na ili asianguke akashika fremu ya chuma kwa kiganja kizima.

Na ndani ya nyumba Najib akaita kwa furaha, "Imejikata tu! Naiwasha tena!"

Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Nilimwita kwa jina lake na la baba yake na la babu yake, nikamwambia asiguse, asiguse, wallahi asiguse. Kisha nikasikia sauti yake, ndogo kabisa: "Nimeshika swichi. Niiachie?"

"Iachie! Toka huko!"

Galgallo aliniambia baadaye kwamba hata kama Najib angewasha, swichi ingejikata tena haraka, labda mama angepata mshtuko tu. Labda. Moyo wenyewe wa mama ulikuwa umechoka, daktari alishasema. Nilikaa chini pale pale kwenye tope nikamtoa mkono kwenye chuma, kidole kwa kidole, nikaushika nisiuachie.

Adey alisimama. Alitetemeka, akatutazama wote kama ndio tuliomfanyia, akaenda kusimama mwisho wa ua.

Galgallo alikuja mbio kutoka msikitini, viatu mkononi. Alizima kila kitu, akafungua sanduku la nje, akaukuta waya uliobanwa. Kisha akaenda kwenye shimo lake. Akachimba kwa mikono. Mchanga ulikuwa mkavu mpaka chini. Makaa yalikuwapo. Chumvi haikuwapo, hata punje. Akaokota kitu, akakiinua juu ya kiganja tukione. Kilikuwa kinyesi cha mbuzi.

Akamwangalia Adey. Adey alikuwa na unga mweupe puani.

"Chumfi nilichukua mimi," mama akasema. Hakuinamisha kichwa. "Na maji bia. Kila asubuhi. Mbuzi iko na kiu, mchanga inashiba? Hii ni dhambi."

Hapo ndipo nilipolipuka. Kwetu mtoto hampandishii mama yake sauti, na majirani walisikia, na sijali. "Hooyo, ungekufa! Nimekuleta hapa usife, na ungekufa kwangu, uani kwangu, kwa sababu ya chumvi ya mbuzi!" Nikaanza kulia kwa kwikwi kama mtoto, mwanamke mzima mwenye duka.

Mama alinitazama. Akautazama mkono wake. Nadhani ni wakati huo tu ndipo ilipomwingia kwamba lile shimo halikuwa upuuzi wa watu wa mji.

Galgallo akacheka kicheko cha aibu. "Mjinga ni mimi. Baba yangu ana ngamia mpaka leo. Nimekaa chuo hadi nimesahau, nikaweka chumvi wazi mahali penye mbuzi."

"Kweli," mama akasema. "Wewe ni mjinga." Akasogea karibu na shimo, akachuchumaa mbele yake. "Niambie tena. Hii chuma ikikosa kunywa, inakufa?"

"Chuma hakifi, Ayeyo. Kikikosa kunywa, unakufa wewe. Au Fosia."

Mama akanitazama tena. "Inakunywa siku ngabi?"

"Wakati wa kiangazi, kila siku."

"Na chumfi?"

"Mara moja moja, ikipungua."

"Basi ni ngamia," mama akasema, akasimama, akadai shoka.

Alitumia alasiri yote kukata matawi ya miiba nyuma ya mtaa. Aliyaburuta mwenyewe, sikuthubutu kumsaidia. Akakijengea kile chuma boma la miiba kama lile linalojengewa watoto wa mbuzi ili fisi wasiwafikie, na pengo dogo la kupitishia mtungi. Galgallo alitia gunia jipya, akafunika shimo kwa bamba la zege alilolitoboa katikati. Alirekebisha ule waya uliobanwa. Baada ya siku chache akapima, na akakitazama kipimo kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Imekubali," akasema. "Ayeyo, imekubali!"

"Itakataa nini? Imekunywa," mama akamjibu.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na mnyama mwingine. Kila alfajiri baada ya swala mama alikinywesha chuma kwanza, kisha mbuzi, kisha akanywa dawa zake. Hizo dawa nilizokuwa namkimbiza nazo nyumba nzima, sasa alizimeza bila kuambiwa, kwa kuwa zilikuwa kwenye zamu. Mgeni aliyetupa uchafu karibu na boma alitimuliwa. Wakati mwingine alinipigia simu niko sokoni na wateja wamesimama, kuniambia leo mchanga umenyonya haraka, kuna upepo. Osob alipopata stima yake mwenyewe alimwita mama akamwangalizie chuma chake. Mama alikwenda na fimbo, akachokoa udongo, akamwambia Osob ana mnyama mwenye kiu na anapaswa kuona haya. Nyumba nyingine zikamwita. Alizunguka mtaa mzima akikagua kama vyuma vya watu vimekunywa, na wanawake walimkaribisha chai, na alirudi amechoka na ana habari za kila mtu.

Kiyoyozi alikitumia mara moja. Aliketi chumbani muda wa kunywa kikombe cha chai, akatoka amejifunika blanketi. "Umenipeleka Nairobi bila kuniuliza," akasema. Tangu hapo analala uani, kando ya boma lake, na Najib ndiye anayelala kwenye ubaridi niliomnunulia mama.

Kisha mvua ikaja. Ilikuja ghafla, mawingu mazito kutoka upande wa Masalani, na harufu ile ya vumbi lililoloa ambayo humfanya kila mfugaji aangalie mlango. Mama alikuwa tayari ameshafunga mzigo wake. Lori la rafiki yake Najib lilikuwa linaelekea Modogashe, na dereva alikubali kupitia kwetu kumchukua yeye na mbuzi. Sikubishana. Nilimfungia dawa za kutosha kwenye mfuko, nikamwandikia nambari za simu, nikaenda jikoni nikalia nimeshika sufuria.

Nilipotoka, lori lilikuwa langoni linapiga honi. Mama alikuwa amekaa juu ya mzigo wake kizingitini, anatazama mvua ikilipiga boma la miiba. Maji yalikuwa yanatiririka juu ya bamba la zege na kuzama kwenye tundu, na uani pote palikuwa na madimbwi.

"Nani atakinywesha?" akauliza.

"Mimi, Hooyo."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, taratibu, kama anavyotazama mnyama mnadani kabla ya kumkataa. "Wewe huwezi hata kumnywesha kuku," akasema. "Mwambie dereva aende. Nitasafiri hiki kikizoea."

Mvua ilikuwa inamwagika kwa ndoo. Nilimwangalia aone kwamba naiona. Aliniangalia bila kupepesa. Kisha akainuka, akajitanda shuka kichwani, akachukua mtungi wake wa kila siku, akatoka nao mvuani.

Simu ikalia. Alikuwa Galgallo, amefurahi. "Fosia, mwambie Ayeyo apumzike sasa! Kwa mvua hii chuma hakihitaji maji mpaka kiangazi kirudi."

Nilimwambia akithubutu kumwambia mama neno hilo, asikanyage tena kwangu. Akaniuliza, basi amwambie nini?

Nikamtazama mama, ameinama kwenye miiba, anamimina maji juu ya maji.

"Njoo kesho," nikamwambia. "Mwambie kimoja hakitoshi. Ongeza cha pili."